Ekzosi ya Inchi Tatu kwa Gari Dogo: Je, Inafaa?

SWALI: Ninamiliki Toyota Corolla RunX yenye injini ya cc 1,500. Sailensa ya nyuma imeoza kwa kutu na gari linanguruma kiasi cha kuwakera majirani. Fundi ananishauri nifunge ekzosi ya "spoti" yenye bomba la inchi tatu na kuyatoa masega (kifaa cha kusafisha moshi, yaani "catalytic converter"), akidai kwamba gari litaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Ameahidi kutonitoza hela ya ufundi iwapo nitamwachia masega hayo. Nikubali? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali, na hasa usimwachie masega. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye thamani kubwa ambayo ndiyo sababu ya masega kuwa na soko, kwa hiyo anayeyatoa bila malipo anajilipa kutokana na mali yako. Kazi ya masega ni kugeuza kaboni monoksidi, mabaki ya petroli ambayo haikuungua na oksidi za naitrojeni kuwa gesi zenye madhara madogo zaidi. Ukiyatoa, hewa hiyo chafu inabaki mtaani kwako, wanakopita watoto kwa miguu. Aidha, kwenye gari lenye sensa ya pili ya oksijeni, ile inayopima moshi baada ya masega, taa ya injini huwaka na kubaki imewaka, kiasi kwamba siku injini ikipata hitilafu ya kweli huwezi kuitambua kwa taa hiyo.

Ni kweli kwamba masega yaliyoziba hupunguza nguvu. Hata hivyo, masega hayazibi bila sababu: mara nyingi injini inakula oili, au plagi zinaruka na petroli mbichi inakwenda kuungulia humo. Tatizo hilo litibiwe kwanza, kisha masega yabadilishwe iwapo vipimo vitaonyesha kuwa yameziba.

Kuhusu upana wa bomba, moshi hutoka kwenye silinda kwa mikupuo, na kila mkupuo unaokwenda kasi husaidia kuvuta unaofuata. Katika bomba la inchi tatu, moshi wa injini ndogo kama yako hupoa na kupunguza mwendo, na matokeo yake ni gari kuwa zito pale unapoondoka au kupanda mlima kwa mzunguko mdogo wa injini, yaani katika uendeshaji wa kila siku. Magari yenye turbo hunufaika na bomba pana, na huenda ndiko fundi wako alikochukua ushauri huo. Kwako wewe, inchi mbili au pungufu kidogo zinatosha, na mabadiliko yaanzie nyuma ya masega tu. Usitarajie nguvu ya kuhisika. Utakachopata ni utulivu na bomba linalodumu.

Kudumu kunategemea chuma, na kwa mkazi wa Tanga jambo hili lina uzito, kwa kuwa chumvi ya bahari hula bomba kwa nje, huku maji yanayotokana na moshi yakilila kwa ndani, hasa kwa gari la safari fupifupi lisilopata joto la kutosha kuyakausha. Chuma cha pua cha daraja la 304, chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, ndicho bora. Nenda dukani na sumaku: iking'ang'ania bomba kwa nguvu, hilo si 304, hata kama linang'aa. Daraja la 409 hushika sumaku na hupata kutu ya juujuu, lakini bado linazidi chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Tazama pia kona za bomba; zikiwa zimebonyea au kukunjamana, moshi utabanwa hapo hata kama sehemu zilizonyooka ni pana.

Sauti nayo iangaliwe, kwa kuwa Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Chagua sailensa yenye vyumba vya ndani badala ya bomba tupu lililofunikwa.

Baada ya kufunga, gari likiwa nje penye hewa na injini ikizunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta, fundi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache na asikilize kila kiungio. Kinachopuliza kirekebishwe papo hapo, kwani kaboni monoksidi haina harufu na inaweza kupenya hadi ndani ya gari. Mipira inayoshikilia bomba ibadilishwe yote, na bolti zikazwe tena baada ya siku chache, kwa sababu joto hulegeza viungio vipya.