Mama mkwe asema ana wajukuu kwenye friji

Shangazi, asalaam alaykum. Nina miaka 41, niko Mombasa, mama wa pacha wa kike wa miaka minne. Niliwapata kwa kupandikizwa mimba Nairobi, baada ya kungoja miaka tisa. Vilibaki viinitete vitatu, yaani mayai yaliyokwisha rutubishwa, vikagandishwa, na kila mwaka twalipia kuvihifadhi. Ujauzito ule ulinitia kifafa cha mimba nusura nife, na daktari amenikataza kubeba tena. Nimemwambia mume wangu tuache kulipa. Kasema huko ni kuua, eti hata Katiba imeandika uhai huanza mimba inapotungwa. Mama mkwe naye kila Ijumaa anawaombea dua "wajukuu wangu walio kwenye friji". Silali. Je, mimi ni muuaji?

Waalaykum salaam, mwanangu. La, wewe si muuaji. Nalisema mapema usije ukasoma mpaka chini roho ikiwa juu.

Mumeo kaishika Katiba, basi na aisome yote. Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya ya 2010 kweli yasema hivyo. Ila ibara iyo hiyo, mistari miwili chini yake, inaruhusu mimba kutolewa pale uhai au afya ya mama iko hatarini. Kilichokuwa kikigombaniwa mwaka ule ni utoaji mimba. Sidhani kuna aliyekuwa akiwazia tangi la naitrojeni lenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko Alabama, Marekani, mgonjwa mmoja alijipenyeza chumba cha kuhifadhia viinitete, akavishika, baridi ikamuunguza mkono, akaviangusha. Wazazi wakashtaki, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema viinitete hivyo ni watoto. Kliniki zikasimamisha kazi kwa hofu, na mwezi uliofuata wabunge wakapitisha sheria haraka haraka ya kuzikinga. Mahakama ilitoa jibu, na jibu likawashinda kuishi nalo.

Kwetu, wengi wa wanazuoni wameshika hadithi ya Mtume aliyoipokea Ibn Masud: siku arobaini mara tatu, ndipo malaika apulize roho. Hizo ni siku 120. Kiinitete kwa kawaida hugandishwa siku ya tano au ya sita, seli mia hivi, kidogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Na swali lako lilishaulizwa. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lilikaa Jeddah likasema madaktari warutubishe mayai yanayohitajika tu, na yakibaki, yaachwe bila matunzo ya kitabibu mpaka uhai wake ukome wenyewe. Liangalie neno hilo, uhai. Wanazuoni hawakuona aibu kulitumia, na bado wakaruhusu yaachwe. (Jirani yako Mkatoliki atakwambia mengine, kwani kwa Kanisa lake kiinitete kistahiwe kama mtu tangu mwanzo. Lakini hata Kanisa hilo, kwenye waraka wake wa 2008, lilikiri kwamba hivi vilivyogandishwa ni dhuluma isiyo na suluhisho.)

Nilipokuwa na miaka kumi mamangu aliharibikiwa na mimba ya miezi miwili. Bibi alikifunga kilichotoka kwenye kipande cha bafta nyeupe, akachimba chini ya mkomamanga uani, akafukia, akanawa mikono, akarudi jikoni kuepua wali. Hakikusaliwa wala hakikupewa jina. Wala hakikutupwa jaani. Sisi watoto tulikatazwa kuchezea pale, na mama alilia mwezi mzima bila mtu kumwambia anyamaze. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kuna kitu ambacho si maiti na si taka. Hivyo vitatu vyako mimi naviweka hapo.

Kwa hiyo kulia ni haki yako. Nadhani hata kukosa usingizi kwako ni msiba usio na matanga, kuliko dhambi.

Mumeo sasa. Msubiri watoto walale, umuulize swali moja tu: hivyo vitatu, nani atavibeba? Wewe umekatazwa. Na kama ana mpango wa bi mdogo kichwani, mwambie baraza lilo hilo, mwaka 1986, lilikataza hata mke mwenza kupandikizwa yai la mwenzake. Asipokuwa na jibu, basi analipia kila mwaka ili asiamue. Huenda naye anaomboleza, ila wanaume wetu wakiomboleza huanza kutaja ibara.

Halafu itafuteni ile fomu. Kliniki kwa kawaida huwasainisha watu kabla ya kuanza: vikibaki vifanyweje, mkiachana je, mmoja akifa je. Wengi husaini macho yao yakiwa kwenye mtoto tu. Isomeni pamoja, kisha mwende kwa sheikh mnayemwamini, nyote wawili, na karatasi mkononi. Usiache kulipa kimyakimya, maana hilo ndilo atakalokukumbusha miaka ishirini. Na ukitaka kuwepo siku vitakapotolewa, waulize. Hawatakucheka.

Mama mkwe mwache na dua yake.

Niandikie tena. Nataka kujua alijibu nini kwa lile swali la nani atavibeba.