Jibu langu: njooni Milwaukee, ila msiishie Summerfest

Salaam wahariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza mji tunaoishi una sherehe gani ya kila mwaka ambayo mgeni asiikose. Mimi naishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin kule Marekani, mji uko ufukweni kabisa mwa Ziwa Michigan, na wenyewe wanauita Mji wa Matamasha kwa hiyo kuchagua moja ni kazi kweli.

Wengi watawaambia Summerfest, tamasha la muziki la kiangazi. Sawa, ni kubwa, sibishi. Ilianza 1968, meya wa wakati huo Henry Maier alikuwa ametembelea Ujerumani akaiona Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya Munich, akarudi na wazo lake, 1970 ikahamia pale ziwani kwenye eneo ambalo zamani lilikuwa kambi ya makombora ya jeshi, na 1999 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakaitambua kuwa tamasha kubwa kuliko yote ya muziki duniani. Ilikuwa inapigwa siku 11, ila tangu korona wameigawa wikiendi 3, Alhamisi mpaka Jumamosi. Nendeni mkiweza. Lakini msanii mkubwa anazunguka miji yote, ukimkosa hapa utamkuta Chicago, sio mbali.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kiwanja kile kile cha Summerfest, chenye majukwaa na vibanda vyake, jamii mbalimbali za mji zinapokezana. Wapolandi wana wikiendi yao mwezi wa 6, Wajerumani mwishoni mwa mwezi wa 7, mwezi wa 8 ukianza kuna Black Arts Fest ya Wamarekani weusi, katikati ya mwezi Waayalandi, halafu Wameksiko wanafuata. Na kila jamii inakuja na mambo yake, Wajerumani wana mbio za vile vijibwa vyenye miguu mifupi na watu wanashangilia kama fainali ya kombe, kwa Waayalandi kuna sehemu unasaidiwa kufuatilia ukoo wako ulitokea kijiji gani, Wameksiko wao pesa wanazopata zinasomesha vijana wao chuo. Hiyo ya Wameksiko mi naiheshimu sana, yaani watu wanacheza na kula na papo hapo mtoto wa mtu analipiwa ada. Halafu ukiangalia wanaouza tiketi, wanaoelekeza watu, wanaookota takataka, wengi ni watu wa kujitolea, mama na mwanae na babu wamevaa fulana zinazofanana. Hata mfuko ukiwa mtupu usikate tamaa, Jumapili asubuhi ya Irish Fest, yaani tamasha la hao Waayalandi, kuna misa pale pale uwanjani, ukiwahi na ukaja na chakula cha makopo cha kuwapa wenye shida unaingia bure.

Sasa kama una nafasi ya siku moja tu, chagua Juneteenth, tarehe 19 mwezi wa 6. Hii haiko ziwani, iko barabara ya Martin Luther King, kiingilio hakuna. Ni kumbukumbu ya siku ile mwaka 1865 wanajeshi walipofika Galveston, Texas, na kutangaza kwamba watumwa wako huru, wakati Rais Lincoln alishatoa tamko lake la kuwaachia huru tangu Januari 1863, yaani miaka miwili na zaidi watu bado wanatumikishwa. Milwaukee wanaiadhimisha tangu 1971, wakati serikali ya Marekani imeifanya sikukuu ya taifa juzi tu 2021. Gwaride linapita, bendi za shule, wapanda farasi, wazee wamekaa kwenye viti walivyobeba nyumbani, moshi wa nyama kila kona. Kwa sisi tuliotoka Afrika hii siku ina uzito wake, unasimama pale na watu ambao mababu zao walichukuliwa kwetu kwa nguvu na wanakukaribisha sahani ya chakula bila kukuuliza umetoka wapi.

Jambo la muhimu, beba sweta. Ziwa hili ni kubwa, linakaribia Victoria, ng'ambo huoni, na maji yake yanachelewa kupata joto, hivyo upepo ukitoka ziwani mwezi wa 6 unaweza kuacha watu mjini wanatoka jasho ukafika ufukweni unatetemeka. Kuna wanaoupenda huo ubaridi, Januari 1 wanaingia kuogelea pale Bradford Beach na theluji iko mchangani. Hiyo mimi naangalia tu kwa mbali.

La mwisho ni kwa wenzangu tunaoongea Kiswahili hapa Milwaukee, maana tupo wengi sasa, hasa ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo. Mwezi wa 11 kuna Holiday Folk Fair, iko tangu miaka ya 1940, ndani ya ukumbi mkubwa, kila taifa linapika na kucheza ngoma zake. Naomba tuwe na meza yetu, ya pilau, sambusa na sombe (kisamvu), na vijana wetu wapande jukwaani. Kwaya tunazo makanisani, wacheza ngoma wapo, wapishi ndio usiseme. Nani yuko tayari tukutane tupange?