Maswali ya Garaji: Koilova kwa Gari la Zamani

Swali: Wakubwa wa garaji, jambo yenu. Niko na Corolla AE110 ya mwaka 1998. Nyuma imelala, mbele inagonga kila tuta, na kwenye barabara ya Likasi inayumba malori yakinipita. Nimeletewa seti ya koilova, yaani amotiseri (shokamzoba) zilizovikwa resori (springi) na urefu wake unarekebishwa; resori ni za 8 mbele na za 6 nyuma, na muuzaji anasema gari litashuka sentimita 7. Siku za kazi naendesha peke yangu, Jumapili tunajaa watu watano. Nichukue? (Kijana wa Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Seti hiyo iache, mdogo wetu. Koilova ni kitu kizuri, ila hizo zimetengenezwa kwa lami laini na dereva mmoja.

Hiyo 8 maana yake ni kilo 8 ili resori ibanwe milimita 1. Resori za kiwandani za gari dogo la aina yako huwa kati ya 2 na 3. Piga hesabu: tuseme kila gurudumu la mbele linabebeshwa kilo 280 za bodi na injini. Kwa resori ya 4, uzito huo unaibana milimita 70. Kwa resori ya 8, milimita 35 tu. Gurudumu likiingia shimoni, kinacholisukuma chini ni resori inayofunguka. Ile ya 8 ikishafunguka milimita 35 imekwisha, haina tena nguvu ya kusukuma, na tairi linapoteza mshiko hata kama halijaacha ardhi. Kwenye lami mpya jambo hilo halionekani sana. Kwenye njia za Katuba baada ya mvua utalisikia kila mita chache, na mgongo wa mama aliyekaa nyuma utalisikia kabla yako.

Huenda jirani mwenye Mark II GX90 amekuambia kwamba 8 inatembea vizuri. Hadanganyi. Mark II hiyo ina mikono miwili (vyuma vinavyoshika gurudumu kwenye fremu), wa juu na wa chini, na amotiseri imefungwa katikati ya mkono, kwa hiyo gurudumu linasafiri zaidi ya resori. Gurudumu likienda milimita 10 na resori ikabanwa 7, nguvu inayofika kwenye gurudumu ni 8 × 0.7 × 0.7, yaani karibu 3.9. Corolla yako ni tofauti: amotiseri imesimama juu ya fundo la gurudumu lenyewe, na karibu nguvu yote ya resori inashuka mpaka chini. Usinunue resori kwa namba ya gari la mtu mwingine.

Kwa matumizi yako tungetafuta 3.5 hadi 4.5 mbele na 2.5 hadi 3.5 nyuma. Muuzaji asiyejua namba za resori zake usimpe pesa.

Kuhusu sentimita 7, hapana kabisa. Lala chini utazame mkono wa chini wa gurudumu la mbele. Gari likiwa na afya, mkono huo unalala sawa au unainama kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha sana, ncha ya gurudumuni inapanda juu, na hapo gari linaanza kulala zaidi kwenye kona ingawa liko chini, kwa sababu kitovu ambacho bodi inageukia kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe. Usukani nao unavutwa kila tairi linapopanda tuta. Shusha milimita 20, 25 ukizidi. Gari la familia hata lisiposhuka kabisa hakuna hasara.

Koilova za bei ndogo zina njia moja tu ya kubadili urefu: kuzungusha pete iliyoshika resori. Ukipandisha pete, unaibana resori kabla ya gari kukaa juu yake. Ukiishusha kupita kiasi, resori inalegea na kucheza gari likiinuliwa na kriki (jeki). Nzuri zaidi zina kiatu cha chini (sehemu inayofungwa upande wa gurudumu) kinachozungushwa peke yake, na pete ya resori haiguswi. Kwa hizo unafunga pete kwa mkono mpaka resori isicheze, unaongeza milimita 2 hadi 5, basi. Urefu wa gari unaupata kwenye kiatu, na safari ya amotiseri inabaki kamili. Kama pesa haitoshi kwa aina hii, rudi kwenye amotiseri za kawaida mpya.

Kabla ya yote, kagua mipira. Gari la mwaka 1998 linaloyumba huwa limekufa silamboloki za mikono, yaani mipira inayoishika kwenye fremu, kabla ya kufa amotiseri. Ingiza nondo kati ya mkono na fremu, sukuma: mpira ukifunguka kama mdomo, badilisha. Inua gari, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, tazama rotili (kiungo cha duara kati ya mkono na gurudumu) na beringi. Ishike kushoto na kulia. Ikicheza, ni vichwa vya usukani au kremayeri (chuma cha meno kinachogeuza magurudumu). Bieleti (vijiti vya fimbo inayozuia gari kulala) na kopeli za juu (viti vinavyoshika amotiseri kwenye bodi) zibadilishe bila kuuliza, pamoja na bute, ule mpira unaozuia amotiseri isigonge mwisho. Ukifunga resori ngumu juu ya mipira iliyopasuka, nguvu yote inakwenda pale palipolegea, na kelele inaongezeka.

Ushauri wetu wa mwisho kwako: mipira kwanza, halafu amotiseri nne mpya za kawaida na resori mpya za urefu wa kiwandani. Nyuma itanyanyuka na kuyumba kutapungua sana. Uendeshe hivyo kwanza, ndipo uamue kama koilova bado unazihitaji.

Swali: Nimeona koilova zilizotumika, zimetoka Japani pamoja na gari lililokatwa. Nizipime vipi kabla ya kulipa? (Msomaji wa Kamalondo)

Jibu: Kwanza namba ya chasi, iliyo kwenye kibati ndani ya boneti. Jina "Corolla" peke yake halitoshi: AE114 inavuta kwa magurudumu manne, na nyuma yake haifanani na ya AE110. Tazama pia kama vishikizo vya bomba la breki na waya wa ABS vipo na viko upande wako.

Kisha omba resori itolewe. Sukuma shafti (chuma kinachoingia na kutoka kwenye amotiseri) mpaka chini uiachie. Amotiseri ya gesi hupanda yenyewe polepole. Ikibaki chini, gesi imekwisha. Ivute na kuisukuma kwa mkono: uzito uwe sawa njia nzima. Ukikuta sehemu tupu pale unapogeuza mwendo, vali zimechoka au mafuta yamepungua. Pitisha ukucha kwenye shafti. Kitobo kidogo cha kutu kinatosha kukata sili, na mafuta yatatoka ndani ya muda mfupi.

Tazama mwili wote kama una bonyeo. Amotiseri yenye bomba moja, pistoni yake inateleza kwenye ukuta uleule unaouona, kwa hiyo jiwe likiubonyeza hata kidogo pistoni inakwama. Yenye mabomba mawili inavumilia, maana pistoni iko kwenye bomba la ndani. Kwa mtu anayeacha lami kila siku sisi tunachagua mabomba mawili, ingawa ya bomba moja hupoza mafuta vizuri zaidi.

Pete zisipozunguka, tumia mafuta ya kulegeza kutu na brashi ya shaba, uziache usiku mzima. Muuzaji akitaka kuzipasha moto kwa gesi ya kuchomelea, mkataze. Ndani mna gesi iliyoshindiliwa na mafuta. Mwili ukipata moto unaweza kupasuka usoni mwake.

Swali: BMW E36 yangu ina resori na amotiseri zilizotengana nyuma. Fundi anataka kuziunganisha ziwe koilova kamili. Ni sawa? (Mzee wa Bel-Air)

Jibu: Mzee wetu, mkatalie. Pale nyuma bati la juu limetengenezwa kushika amotiseri tu. Uzito wa gari unabebwa na resori iliyo mahali pake pengine. Ukiuhamishia uzito wote kwenye bati hilo bila kulichomelea vyuma vya kuliimarisha, linapasuka, na kwenye gari la umri huo kutu imeshaanza kazi. Zipo seti zinazoacha resori mahali pake na kuweka pete ya kurekebisha chini yake. Hizo ndizo zinazokufaa.

Swali: Koilova zimefungwa juzi. Kwenye vishimo vidogo mbele inasema ko-ko-ko, na nikikata usukani inalia krrr. Fundi anasema zitazoea. (Dereva wa Kampemba)

Jibu: Kelele ya chuma haizoei, ndugu. Inua mbele magurudumu yaning'inie, shika resori kwa mkono. Ikicheza, pete iko chini mno. Isipocheza, kagua nati ya juu ya shafti. Wengi huifunga kwa mashine ya hewa, shafti inazunguka nayo, nati inaonekana imekaza kumbe bado. Ifunge kwa ufunguo huku ukizuia shafti kwa ufunguo wa pembe sita. Kisha bieleti: gari likishashuka, zile za zamani zinakuwa ndefu na zinagonga, tafuta fupi.

Ile krrr ni resori inayokwama na kuruka usukani unapozunguka. Beringi ya kopeli imewekwa kichwa chini, imejaa vumbi, au haipo kabisa. Kama kopeli zako ni za chuma chenye kigololo badala ya mpira, vumbi jekundu la kiangazi litazila. Weka za mpira.

Muulize fundi pia alikaza bolti za mikono gari likiwa wapi. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira wa silamboloki unabaki umesokotwa kila gari linapokaa chini, na utakatika mapema. Zilegeze, shusha gari likae kwa matairi yake, zikaze hapo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya kilomita 200 resori zitakuwa zimekaa: pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, pande zote nne, dereva akiwa ndani. Sawazisha kushoto na kulia, ndipo uende paralelismu (kunyoosha magurudumu). Ukienda kabla, utailipia mara mbili.