Nimemkabidhi kazi, mbona maswali yote yanarudi kwangu?

SWALI: Naongoza timu ya watu 8, kila mmoja anafanya kazi akiwa kwake. Kuna mmoja ninayemwandaa ashike nafasi yangu, lakini kila nikimpa jukumu ananiuliza hatua kwa hatua, mwishowe nalifanya mwenyewe. Nakosea wapi?

JIBU: Umempa kazi, hukumpa uamuzi. Mkikaa ofisi moja angekuona unavyopima mambo. Akiwa mbali anaona matokeo tu, kwa hiyo anaogopa kukisia. Mwandikie ukurasa mmoja: yapi anaamua peke yake, yapi anakujulisha baadaye, na yapi lazima akuulize kwanza. Hayo ya mwisho yawe machache kabisa.

Akileta swali, usimjibu papo hapo, hata kama jibu unalo. Mwambie aandike tatizo, njia mbili za kulitatua, na angechagua ipi na kwa nini. Ukiikubali, jibu "endelea" basi. Ukiikataa, mweleze sababu, maana hapo ndipo anapojifunza.

Kisha mwachie kikao cha timu kwa wiki 6. Watangazie wenzake mapema kwamba anayeamua ni yeye, la sivyo maswali watakuelekezea wewe. Kikaoni zima maikrofoni yako. Kimya cha sekunde 10 mtandaoni kinachosha, najua. Kivumilie, atakijaza yeye.

Akikosea, mpigie simu. Usimsahihishe kwenye kundi la ujumbe: maandishi hayabebi sauti, na wenzake wote wanasoma.