Kwa mnaokuja kutumika St Petersburg: angalieni kitanzi cha koti

Bwana asifiwe, wadogo zangu. Mwaka huu vijana watatu wameniuliza wabebe nini wakienda Urusi kwa huduma, na kila mara nimejibu kwa ujumbe wa sauti nikiwa kwenye daladala, halafu usiku nakumbuka nilichosahau. Safari hii nimekaa chini nikaandika.

Mimi ni mtu wa Machame, mlimani Kilimanjaro. Nimekua na ukungu wa Julai, tukiota moto jikoni hadi moshi unatutoa machozi, kwa hiyo baridi nilidhani naijua. Nilitua uwanja wa Pulkovo mwishoni mwa Novemba 2017 nikiwa na koti la mitumba nililolichagua nusu siku nzima pale soko la Memorial, Moshi. Koti zito, la kijivu, lenye kofia. Wenzangu walinionea wivu. Kasoro yake nilikuja kuonyeshwa Jumapili ya kwanza kanisani.

Kule huingii mahali na koti. Zahanati, maktaba, chuo, ukumbi wa muziki, makanisa mengine pia, mlangoni kuna garderobu: unavua, unakabidhi, unapewa kipande cha plastiki chenye namba. Mara nyingi anayepokea ni mama mtu mzima. Hatumii hanga, ana ndoano tu ukutani, na koti linaning'inizwa kwa kile kitanzi kidogo ndani ya kola. Langu halikuwa nacho. Yule bibi aligeuza kola, akapapasa, akageuza tena, akaniangalia kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga bila nepi. Akasema maneno mengi, nikashika moja tu: petelka. Kitanzi.

Ibada ilipoisha nilimkuta koti liko magotini, anakata uzi kwa meno. Alikuwa ameshona kitanzi kwa uzi mwekundu, mara mbili mbili, cha kubeba gunia. Nikatoa noti. Akanipiga kikofi mkononi, akaniburuta kwenye chai.

Nawasimulia hili mapema kwa sababu nilikuwa nimejiandaa miezi minane: Kirusi cha kushuhudia, mistari ya kukariri, majibu ya maswali magumu. Hakuna hata kimoja kilichonipatia mtu wa kwanza wa kuongea naye. Nilimpata kwa kuwa na koti bovu. Kwenye baridi ile wewe uliyetumwa kuhudumia ndiye unayehudumiwa kwanza, na inauma kidogo ukiwa umezoea kuitwa mwinjilisti. Kubali tu.

Nguo zenyewe nisiwachoshe. Ndani vaa nguo ndefu za sufu au za michezo, si pamba, maana pamba ikishika jasho inakugandisha. Buti liwe kubwa namba moja ili soksi nene ipumue, na soli iwe na meno. Za kwetu zinageuka sabuni kwenye barafu. Tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Mafuta mgando ya kawaida, yale ya kopo, yapake usoni kabla ya kutoka. Losheni za maji zitakuumiza. Na usijisifu kwamba nje ni nyuzi hasi 8 tu. Mji ule umejengwa kwenye delta ya mto Neva, upepo unatoka Ghuba ya Ufini ukiwa na unyevu, na hasi 8 yake inapenya kuliko hasi 20 kavu niliyoikuta Yekaterinburg. Ndani ya nyumba ni kinyume chake: joto linatoka kwenye mitambo ya mji kupitia mabomba, wewe huna swichi, utakuta mtu na fulana Januari huku dirisha dogo liko wazi. Pua yangu ilitoka damu wiki ya pili kwa ukavu. Taulo bichi juu ya bomba usiku lilimaliza tatizo.

Theluji ikianza kuyeyuka, usitembee ukiegemea kuta. Paa za majumba ya kale zinaotesha mikuki ya barafu mirefu kama mkono, na inadondoka. Ukiona utepe mwekundu na mweupe umefungwa njiani, zunguka, hata kama umechelewa.

Kilichonisumbua zaidi ya baridi ni giza. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, basi, siku imeanza. Mwishoni mwa Desemba jua la St Petersburg linachomoza saa nne asubuhi na kabla ya saa kumi limeshazama. Hazifiki saa sita za mwanga, na siku nyingi hata hizo ni wingu. Nilijikuta saa tisa alasiri natafuta kitanda. Toka nje mchana hata kama huna kazi, dakika ishirini, tembea ufukweni mwa Neva uone mto uliosimama. Muulize daktari juu ya vitamini D; ngozi zetu zinaihitaji kuliko zao. Kitu kimoja kitawafariji: saa za Moscow na St Petersburg ni sawasawa na za Dodoma na Nairobi, mwaka mzima. Mama akiamka, nawe unaamka. Ila msipige simu kila siku. Mimi nilipiga kila siku mwezi mzima wa kwanza, na Kirusi changu hakikusogea hata kidogo.

Sasa sheria, na hapa sitanii. Julai 2016 Urusi ilibadili sheria ya dini, na tangu hapo kazi ya umisionari imewekewa mipaka. Unahitaji barua ya shirika la dini lililosajiliwa, vitabu na vipeperushi viwe na jina kamili la shirika hilo, na majumbani hakuna kueneza dini. Mgeni akivunja, faini ni rubo 30,000 hadi 50,000, na anaweza kufukuzwa nchini. Mkutano wa injili na vipaza sauti kama tunavyofanya uwanjani kwetu, sahau. Kusimama stesheni ya metro na vipeperushi, sahau. Kabla hujafanya lolote nje ya jengo la kanisa, muulize mchungaji mwenyeji, naye akisema subiri, subiri. Paspoti na karatasi ya usajili wako viwe mfukoni daima; utasimamishwa kuliko wenzako weupe, zoea kutoa karatasi bila kununa. Na pesa: wakati wangu kadi ya benki ya nyumbani ilifanya kazi, lakini tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazisomi kule. Panga na wenyeji kabla ya kupanda ndege.

Jambo lingine la adabu. Unakwenda kwa watu ambao wazee wao walibatizwa mwaka 988, Kilimanjaro hakuna aliyekuwa amesikia habari hizo. Usiende na sauti ya kuwaletea nuru. Hata sisi Walutheri kule tumeonja: kanisa la Mtakatifu Petro kwenye barabara ya Nevsky lilifungwa miaka ya 1930, na mwaka 1962 likageuzwa bwawa la kuogelea. Sakafu ya leo imejengwa juu ya lile bwawa, na ngazi za watazamaji bado zipo pembeni. Kaeni pale robo saa kabla ya kumfundisha mtu habari ya kuvumilia.

Sikukuu zitawachanganya. Tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi. Watu wanakwenda ofisini, watoto shuleni, na wewe moyo unakuambia nyumbani sasa hivi mapambio yanarindima na mbuzi ameshachinjwa. Ibada yetu iliwekwa jioni ya tarehe 24, watu walikuja wakitoka kazini na mifuko ya sokoni. Waorthodoksi, ambao ndio wengi, wanafuata kalenda ya zamani iliyo nyuma kwa siku 13, Krismasi yao ni 7 Januari. Usibishane nao juu ya tarehe. Sherehekea zote mbili, utakula mara mbili.

Sikukuu kubwa ya kila nyumba ni Mwaka Mpya. Ule mti mnaouona umepambwa si wa Krismasi, ni wa Mwaka Mpya: wakomunisti waliupiga marufuku, wakaurudisha mwishoni mwa 1935 ukiwa umevuliwa dini. Anayeleta zawadi ni Babu Baridi, Ded Moroz, na mjukuu wake. Ukialikwa usiku wa tarehe 31, hiyo ni heshima. Vua viatu mlangoni, upewe ndara. Usipeane mkono kizingitini, ingia kwanza. Ukipeleka maua yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili. Mimi nilipeleka sita na mama mwenye nyumba akachomoa moja kimya kimya, kwa sababu shufwa ni ya msiba. Utapewa saladi ya viazi na mayonezi, samaki wa chumvi aliyefunikwa viazi sukari vyekundu, na machungwa madogo yasiyoisha. Vodka ukiikataa, shika glasi ya maji ya matunda na unyanyue pamoja nao; wanachoangalia ni kama umenyanyua. Na mtu mzima muite kwa jina lake pamoja na la baba yake. Kumwita bibi kwa jina tupu ni sawa na kumwambia mama mkwe "we Neema".

Tarehe 19 Januari watakualika kuzama kwenye tundu la barafu kwa ajili ya Ubatizo wa Bwana. Shangilia ukiwa ukingoni.

Krismasi yangu ya kwanza, alasiri ya tarehe 25, yule bibi wa garderobu alinikaribisha kwake. Chumba kimoja, meza ndogo, chai, mkate mweusi. Niliacha ganda la mkate kwenye sahani kama nilivyozoea. Hakusema kitu, alilichukua, akalifunga kwenye kitambaa, akaweka kabatini. Baadaye akaniambia alikuwa na miaka mitano mji ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 20 Novemba 1941, mtoto alipewa gramu 125 za mkate kwa siku nzima, mkate wenyewe umechanganywa na vitu visivyoliwa. Kisha akagonga meza kwa kidole: ilikuwa leo, tarehe 25 Desemba, mama alirudi gizani kutoka foleni akilia, wakadhani amenyang'anywa kadi ya mgao wa mkate. Kumbe mgao umepanda hadi gramu 200.

Nilikuwa nimekwenda pale nikijihurumia kwamba mji mzima hauijui tarehe 25. Nikaomba lile ganda, akanipa, nikala.

Nilipoondoka 2020 niliacha koti kwenye usharika kwa atakayekuja. Ukilikuta kwenye ndoano, la kijivu, kitanzi chekundu, lichukue. Mfuko wa kushoto umetoboka, usiweke funguo. Zipu inakwama karibu na kifua. Ipake sabuni ya mche, usiivute kwa nguvu.