Maswali ya Wasomaji: Kupanda kwa Miguu Kwenda Kwenye Theluji Isiyosawazishwa

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Chumbageni, Tanga. Dada yangu na shemeji wanaishi Colorado, Marekani, na kila ninapowatembelea hunipeleka kuteleza kwa skii. Njia zilizosawazishwa kwa mtambo, zile zenye alama ya mraba wa buluu, sasa nazimudu bila kuanguka. Januari ijayo shemeji anataka tupande Highland Bowl, katika mlima wa Aspen Highlands, ambako lifti inaishia njiani na watu humalizia kwa miguu huku wamebeba skii mgongoni. Zamani niliwahi kufika kilele cha Uhuru, kwa hiyo kupanda hakunitishi. Nijiandae vipi, na ni vitu gani ninavyoweza kununua huku nyumbani kabla ya safari?

JIBU: Ndugu msomaji, salamu zimefika. Umeuliza habari za kupanda, ilhali kinachonitia shaka zaidi katika barua yako ni kushuka. Mraba wa buluu katika hesabu ya Wamarekani ni daraja la kati, na Highland Bowl yote imewekwa katika almasi mbili nyeusi, yaani daraja la mabingwa. Miteremko yake mingi inazidi nyuzi 35, na ukishafika juu hakuna njia nyepesi ya kurudia chini. Theluji ya huko haikupitiwa na mtambo. Mahali pengine ni laini kiasi cha kuzamisha skii, hatua chache mbele upepo umeikausha ikawa na ganda gumu, na penginepo wapitaji wameichimba ikawa matuta matuta. Kwenye njia iliyosawazishwa umezoea kuuelemeza uzito wote kwenye skii ya nje na kukata kona kwa ukingo wake. Ukifanya hivyo kwenye theluji yenye kina, skii hiyo inazama, nyingine inabaki juu, nawe unaangukia katikati. Huko uzito hugawanywa kwa miguu yote miwili, na kona hupigwa kwa utulivu bila papara.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kutumia siku za mwanzo za ziara yako kwenye miteremko ya almasi moja isiyosawazishwa, ile inayofikika kwa lifti, pamoja na mwalimu wa kulipwa. Usimtwike shemeji kazi hiyo. Shemeji anaweza kuona haya kukuambia kwamba bado hujaiva, lakini mwalimu hana sababu ya kukuficha. Ikiwa huwezi kuunganisha kona mfululizo na kusimama pale unapotaka kwenye almasi moja, mwombe shemeji radhi, na Highland Bowl ingoje mwaka mwingine.

Sasa nije kwenye huo mlima wetu wa Kilimanjaro unaoutegemea. Kilele cha Highland Bowl kina mita 3,777, karibu sawa na kambi ya Horombo yenye mita 3,720. Tofauti iko katika namna ya kufika. Ikiwa ulipanda kwa njia ya Marangu, ulilala kwanza kambi ya Mandara, ukaingia Horombo siku ya pili kwa mwendo wa pole pole, na mwili ukapata nafasi ya kuzoea. Aspen unaamka mjini kwenye mita 2,400 hivi, lifti zinakupandisha hadi zaidi ya mita 3,500 kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni, kisha unapanda kwa miguu mita nyingine 200 na ushei ukiwa na buti nzito na mzigo, katika hewa ambayo kanieneo yake haifiki theluthi mbili ya ile ya Tanga. Mazoea uliyoyapata Kilimanjaro yalikwisha wiki chache baada ya kushuka, na mwili haukuweka akiba yoyote.

Fika mapema, ulale mjini angalau siku mbili au tatu kabla ya kupanda, unywe maji mengi na uache pombe. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na ukiziona usiendelee kupanda. Mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kuhema sana hata akiwa amepumzika, ateremshwe mara moja na atafutiwe daktari. Jambo ambalo vitabu vya wenyeji wa huko havilisisitizi sana, lakini kwetu watu wa pwani ni la lazima, ni kupima selimundu. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kwenda kwenye mwinuko huo bila ruhusa ya daktari wake, na hata mwenye chembe za kurithi upande mmoja tu, ambaye huenda hajijui, anaweza, ingawa ni nadra, kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu. Pia ukishikwa na homa ukiwa kule, mwambie daktari kwamba umetoka Tanga, kwa kuwa malaria si ugonjwa anaoufikiria kwanza.

Kuhusu maporomoko ya theluji, sehemu hiyo imo ndani ya mipaka ya kituo, na kikosi cha doria huiporomosha theluji hatari kwa baruti kabla ya kuruhusu watu. Wanajua wanachokifanya kwa gharama: mwaka 1984 wanadoria watatu walifia hapo hapo kazini kwa kufukiwa na poromoko. Theluji ya mwanzo wa msimu huko Colorado huwa dhaifu kwa chini, punje zake hazishikamani, ndiyo maana kila mwanzo wa msimu watu hupangwa mstari na kuikanyaga mteremko mzima kwa buti ili ishindiliwe. Kamba ya kuzuia njia ikifungwa, imefungwa. Kuipita ni kosa kisheria, na chini yake hakuna aliyekukagulia njia. Shemeji akisema mtatokea kwenye geti la nje ya mipaka, hilo ni jambo jingine kabisa: kila mmoja awe na redio ya kutafutia aliyefukiwa, chepe na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, awe amefundishwa kuvitumia, na wote msome taarifa ya siku hiyo ya Kituo cha Taarifa za Maporomoko ya Theluji cha Colorado. Aliyefukiwa anategemea wenzake walio karibu, kwani nafasi yake ya kupona hushuka haraka baada ya dakika 10 hadi 15. Kwa mtu wa mraba wa buluu, jibu langu kuhusu geti hilo ni hapana.

Miguu unaweza kuianza sasa. Tembea kwenye mchanga mlaini wa Raskazone na begi la kilo kumi, na mwisho wa juma panda Lushoto utembee milima ya Usambara. Mapaja yatakaza, ingawa mita 1,400 za Lushoto hazitakuzoesha hewa nyepesi. Nguo za ndani za sufu na koti lisilopitisha upepo utayapata kwenye mitumba kwa bei nafuu, maana msimu wa joto wa Tanga hakuna anayegombania sufu. Pamba iache, kwa sababu ikishalowa jasho haikauki. Skii, buti na helmeti kodi huko huko, na ununue pia mkanda wa kubebea skii mgongoni kimshazari ili mikono ibaki huru. Kabla ya kuanza kupanda legeza vifungo vya buti, vua koti la nje ulifunge kwenye begi, kanyaga katika vishimo vya waliotangulia, na ukifika juu livae kabla jasho halijapoa. Skii uzishike vizuri unapozivua, kwani ikikuponyoka moja mteremkoni utaifuata kwa miguu. Miwani ya theluji na losheni ya jua usivisahau, kwani theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi, nayo huunguza hata chini ya kidevu.

Mwisho, soma bima yako ya safari. Nyingi hutaja skii kama mchezo wa hatari unaolipiwa nyongeza, na baadhi hazigusi kabisa ajali iliyotokea nje ya njia zilizowekewa alama. Uliza kwa maandishi kama Highland Bowl imo, ukate nyongeza kabla ya kuondoka Dar es Salaam.