Testi zinapita kwangu, kwenye seva zinagoma: nimekosea wapi kwenye conftest?

Swali: Mkuu habari, nina paketi yangu ya Python, zile funksheni za kusaidia testi (ya kutengeneza database ya muda, ya kusajili yuza feki) nimezirundika zote kwenye tests/conftest.py halafu kila faili naandika from tests.conftest import unda_yuza. Kwangu narun python -m pytest freshi kabisa, kwenye seva amri ni pytest tu na inagoma, No module named 'tests'. Shida nini?

Jibu: Salama mkuu. Jibu umeshaliandika mwenyewe, angalia hizo amri mbili. Ukianza na python -m, Python inaingiza folda uliyopo kwenye sys.path (orodha ya folda inakotafuta moduli) ndo maana tests inaonekana. Ukirun pytest peke yake hilo halifanyiki, na kama ndani ya tests hakuna __init__.py pytest inaingiza tests yenyewe, siyo folda inayoibeba, sasa jina tests litapatikana wapi? Unaweza kubadilisha amri ya seva na ikakubali, ila mi nisingefanya hivyo.

conftest.py huwa haiimpotiwi, pytest inaisoma yenyewe na fiksicha zilizomo (funksheni za kuandalia testi mahitaji yake) zinaonekana na testi zote za folda hiyo na za chini yake. Kwa hiyo unda_yuza ibandike @pytest.fixture juu, kisha kwenye testi litaje jina lake tu kama parameta, basi, import zote futa. Ukitaka yuza watatu tofauti ndani ya testi moja, hiyo fiksicha irudishe funksheni badala ya yuza, halafu uiite mara unazotaka. Zile funksheni za kawaida ambazo hazina cha kuandaa wala kusafisha, mfano ya kulinganisha tarehe, ziweke kwenye moduli yake pembeni, usiifanye conftest kuwa stoo.

Database sasa, hapo ndo watu wengi wanaumia. Fiksicha yake ukiipa scope="session" inafunguliwa mara moja tu kwa run nzima na testi zinakimbia kweli, lakini testi ya kwanza ikiacha uchafu ya kumi ndo inafeli, na ukiirun peke yake inapita, utatafuta mchawi siku nzima. Mi naweka koneksheni kwenye session, data naiacha kwenye scope ya function (mpya kwa kila testi) ambayo ndo difoliti, na usafi unaandikwa baada ya yield, pale fiksicha inapoikabidhi testi kitu chake, maana hiyo sehemu inarun hata testi ikifeli. Kama database yenyewe ni faili la SQLite basi tumia tmp_path, kila testi inapewa folda yake mpya.

Konfigi weka sehemu moja, [tool.pytest.ini_options] ndani ya pyproject.toml, inakubalika tangu pytest 6.0. Ila cheki kama kuna pytest.ini imesahaulika mahali, hiyo inashinda hata ikiwa tupu!! Mistari ya juu pytest inapoanza inakuonyesha configfile ipi imesomwa, wengi hawaiangalii.

Na usikimbilie kuandika pythonpath = ["src"] humo kwenye konfigi ili pytest ione folda ya kodi yako. Itakubali ndiyo, lakini hapo unatesti folda siyo paketi. Kwenye seva fanya pip install . bila -e (hiyo -e inaelekeza kwenye folda yako tu badala ya kusakinisha nakala) halafu ndo urun pytest, ukisahau kuweka faili la data kwenye paketi utalijua hapo hapo kabla aliyeidownload hajakuandikia.